Sura ya Tano: Haja Iliyoahirishwa

Bibi yangu alianza kuharisha siku ya Jumanne. Ndivyo tulivyoamini nyumbani, na ndivyo mama alivyoniambia kwenye simu: "Bibi yako tumbo linamwendesha tangu juzi." Wakati huo bibi alikuwa na wiki ya tatu kitandani, Muheza, baada ya kuteleza uani na kuumia nyonga. Alikuwa akimeza vidonge vya maumivu vyenye kodini. Chakula chake kilikuwa uji mwepesi na chai. Maji alikunywa funda moja moja, kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu amnyanyue kwenda msalani. Hilo la mwisho hakulisema. Tulikuja kuligundua baadaye.

Nilipofika Alhamisi, kamba ya uani ilikuwa imejaa kanga. Mama alikuwa ameshafua mara tatu tangu alfajiri. Kilichomtoka bibi kilikuwa maji ya kahawia, kidogo kidogo, bila taarifa. Mwenyewe hakujua kama kimetoka mpaka ahisi ubichi. Mtoto wa jirani alitumwa duka la dawa, akarudi na vidonge vya kuzuia kuharisha. Bibi akapewa viwili, halafu viwili tena. Tulimchanganyia maji ya chumvi na sukari. Tulimwombea. Kufikia usiku tumbo lilikuwa limejaa na limekaza, anaita majina ya watu waliokufa zamani, nami nikatambua kwamba tangu asubuhi hakuwa amekojoa.

Muuguzi aliyetupokea hospitali alikuwa mwanamke wa makamo. "Shikamoo, bibi," alisema, na bibi hakuitika. Akalibonyeza tumbo upande wa kushoto, chini, akautuliza mkono pale, akabonyeza tena. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeliuliza kwa wiki tatu: "Choo cha kawaida, chenye umbo, alipata lini mara ya mwisho?" Mama alinitazama. Mimi nikamtazama mama.

Muuguzi akavaa glavu, akaipaka mafuta ya kulainisha, akamgeuza bibi ubavu wa kushoto na kumweleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, ingawa bibi hakuwa anajibu. Kidole hakikwenda mbali. "Huyu haharishi, mama," alimwambia mama yangu, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwongezea mwenzake uzito. "Huyu amefunga choo."

Ndani mle palikuwa na donge la kinyesi kikavu, gumu kama udongo wa kichuguu, lililoziba njia yote. Choo chepesi kutoka juu kilikuwa kikipenya pembeni mwa donge hilo na kuvuja nje, kama maji yanavyopita kando ya jiwe lililokwama mtaroni. Kile tulichokiita kuharisha kilikuwa mvujo wa tumbo lililofungwa, na vidonge tulivyompa vilikuwa vikilifunga zaidi. Donge lenyewe lilikuwa limekibana kibofu mpaka mkojo ukakosa pa kutokea. Alipowekewa mpira wa mkojo, mfuko ulijaa mbele ya macho yetu. Ile kazi nyingine, ya kuondoa donge kwa kidole, vipande kwa vipande, na kuingiza maji ya dawa kwa nyuma ili kulainisha kilichobaki, ilichukua siku mbili. Siku ya tatu bibi aliniita kwa jina langu na kuuliza kwa nini nimekonda.

Tangu siku ile nimewauliza wauguzi na waganga wengi kuhusu jambo hili, na kila mmoja ana bibi wake wa kusimulia. Wengine wana babu aliyepooza, mwingine ana mtoto wa miaka sita. Kinachozikutanisha hadithi zote ni kwamba nyumbani palikuwa na watu, wenye upendo, wenye macho, na hakuna aliyeuliza. Mgonjwa akiwa kitandani kwetu, simu zinapigwa kutoka Dar, kutoka Mombasa, kutoka Muscat, na swali ni moja: amekula? La pili, kama alichokula kimepata njia ya kutoka, linatushinda kulitamka. Lugha yetu ina stara nyingi kwa jambo hili. Tunakwenda haja, tunakwenda msalani, tunajisaidia, tunatoka kidogo. Stara ni jambo zuri na sitaki tuipoteze. Lakini ugonjwa huu unakulia ndani ya stara, na kimya chetu ndicho kinachoupa muda wa kukomaa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kufunga choo si lazima mtu akose choo kabisa. Watu wazima wenye afya hutofautiana sana: kuna anayekwenda mara tatu kwa siku na kuna anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote wako salama ikiwa choo ni laini na kinatoka bila mateso. Madaktari huanza kuhesabu kuwa ni tatizo pale mtu anapopata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au anapokwenda kila siku lakini kwa kujikamua mpaka mishipa ya shingo inamtoka, au choo ni kigumu, au anatoka msalani akihisi kuwa kingine kimebaki ndani. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi. Ukimuuliza "unapata choo?" atakujibu "napata," na atakuwa amesema kweli.

Mwaka 1997, madaktari wa mji wa Bristol, Uingereza, walitoa chati inayopanga kinyesi katika aina saba kwa kukitazama tu. Aina ya kwanza ni vidonge vikavu vilivyotengana. Mtu yeyote aliyefuga mbuzi anavijua. Ya pili ni kama gogo lenye mabonge. Ya tatu na ya nne ndizo zinazotakiwa, zenye umbo la ndizi, laini, zisizoumiza. Kuanzia hapo choo kinazidi kulegea mpaka aina ya saba, maji matupu. Uzuri wa chati ile ni kwamba mtu mwenye haya anaweza kunyoosha kidole kwenye picha bila kusema neno. Laiti ingebandikwa ukutani katika kila zahanati, karibu na ile ya uzito wa watoto.

Ugumu unatokana na muda. Kila siku utumbo mwembamba humimina kama lita moja na nusu ya uji mwepesi kwenye utumbo mpana. Kazi ya utumbo mpana ni kurudisha maji hayo mwilini, na huifanya vizuri mno: kinachofika mwisho huwa na maji ya kujaza kikombe kidogo tu. Utumbo haujui kuacha kunyonya. Choo kikikaa saa kumi na mbili zaidi, kinanyonywa saa kumi na mbili zaidi. Kikikaa siku nne, kinakuwa kile alichokikuta muuguzi wa Muheza.

Na kwa nini kikae? Mara nyingi ni kwa sababu mwili uliita na mwenyewe akasema, "Baadaye." Haja ina saa zake. Chakula kikiingia tumboni asubuhi, hata kikombe cha chai ya moto, utumbo mpana hujikunja na kusukuma mzigo wake kuelekea mlangoni. Ndiyo maana watu wengi hukumbuka msala mara baada ya kifungua kinywa. Ukiuitikia mwito ule, kazi inamalizika kwa dakika chache. Ukiubana, mwito unapoa na choo kinasubiri. Ukiubana kila siku kwa miezi, sehemu ile ya mwisho ya utumbo inatanuka, inazoea kujaa, na inaacha kukuita. Mtu anafikia mahali ambapo amebeba mzigo wa wiki nzima na hahisi chochote isipokuwa uzito, gesi na kukosa hamu ya kula.

Maisha yetu yamejaa sababu za kubana. Abiria anayetoka Dar kwenda Mwanza anajua basi litasimama porini watu wachimbe dawa, wanaume upande huu na wanawake upande ule, dakika tano, konda anapiga bodi. Mama mtu mzima hawezi kumalizia haja kubwa kwenye kichaka cha dakika tano. Anabana mpaka mwisho wa safari, na kwa tahadhari ameshaacha kunywa maji tangu jana yake. Mwuza genge sokoni anabana kwa sababu hana wa kumwachia meza. Na wasichana wa shule! Choo ambacho mlango wake haufungi, hakina maji, na foleni yake ni ya darasa zima wakati wa mapumziko ya dakika ishirini, kinamfundisha mtoto wa miaka kumi kubana kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, siku tano kwa wiki, kwa miaka. Tunapojadili vyoo vya shule huwa tunataja kipindupindu na minyoo, na ni haki kuvitaja. Naomba tuongeze na hili.

Nikae kidogo kwa watoto, kwa kuwa wao ndio wanaoadhibiwa kwa ugonjwa huu.

Inaanza na siku moja ya choo kigumu. Labda mtoto alikuwa na homa na hakunywa maji. Labda ameachishwa ziwa na kuingizwa kwenye maziwa ya ng'ombe na uji wa unga mweupe. Choo kinamchana kidogo, kinamuuma. Mtoto hana falsafa ndefu: kilichouma hakirudiwi. Mwito ukija anasimama kwa vidole, anapishanisha miguu, anajikaza makalio, anajificha nyuma ya mlango au ya kochi huku uso umemwiva. Wazazi wanadhani anajikamua ili atoe. Yeye anajikaza ili kisitoke. Choo kinazidi kukauka na kikitoka kinauma zaidi, na hofu inathibitishwa. Baada ya wiki kadhaa utumbo umetanuka, donge limekaa, na choo chepesi kinaanza kuvuja kwenye nguo ya ndani, mchana, darasani, bila yeye kuhisi. Ni lile lile la bibi yangu, katika mwili mdogo.

Hapo ndipo mtoto anapoitwa mchafu. Wenzake wanamkimbia. Nyumbani anachapwa kwa kujinyea "na umri wote huu." Nimezungumza na mama aliyemchapa mwanawe kwa miezi minane kabla ya daktari wa watoto kuushika mkono wake na kuuweka juu ya tumbo la mtoto na kumwambia, "Sikia hapa." Alilia pale pale kwenye kiti. Mtoto huyo hakuwa anafanya kusudi. Asingeweza kuzuia hata angepewa ufalme. Utumbo uliojaa vile hukibana pia kibofu, ndiyo maana watoto hawa huendelea kukojoa kitandani, na baadhi, hasa wa kike, hupata maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Wanatibiwa mkojo mara ya kwanza, ya pili, ya nne, na hakuna anayeuliza habari za choo. Matibabu yake yapo na yanaponya: donge linaondolewa, kisha dawa ya kulainisha choo inaendelea kwa miezi, mpaka utumbo urudi ukubwa wake na mtoto asahau maumivu. Kosa kubwa ni kuiacha dawa wiki ya pili kwa sababu "amepata nafuu."

Kuna mtoto mwingine ambaye habari yake haisubiri. Kichanga kilichozaliwa kwa miezi yake hutoa choo cha kwanza, kile cheusi cha kunata, ndani ya saa 24, wachache ndani ya 48. Kikipitiliza hapo, tumbo likavimba na kikaanza kutapika kijani, kinahitaji daktari wa upasuaji. Moja ya sababu ni ugonjwa ulioelezwa mwaka 1886 na Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen: kipande cha mwisho cha utumbo kinazaliwa bila seli za neva za kukifanya kisukume. Humpata karibu mtoto mmoja katika kila 5,000. Ni wachache, lakini wapo wanaofika hospitali wakiwa na mwaka mmoja au miwili, tumbo kama ngoma, mikono kama vijiti, baada ya kunyweshwa kila aina ya mizizi.

Kwa mtu mzima madhara ya kwanza hujitokeza mlangoni. Kujikamua huvimbisha mishipa ya damu iliyo kwenye njia ya haja kubwa, nayo ikishuka ndiyo bawasiri, au kinyama kama wengi wanavyosema. Choo kigumu huchana ngozi ya mlango, na mchaniko huo huuma kama wembe kila unapokwenda, ukikufanya uahirishe tena. Kwa wazee na akina mama waliozaa mara nyingi, kujikamua kwa miaka kunaweza kuitoa nje sehemu yenyewe ya utumbo. Damu inayodondoka kidogo kidogo kwa miezi hummaliza mtu nguvu bila yeye kujua imekwenda wapi. Najua jinsi matangazo ya dawa za bawasiri yalivyojaa kwenye kuta za mji na kwenye simu zetu. Anayekuahidi kukikata kinyama kwa unga wa kupaka, bila hata kukuangalia, anaweza kukuunguza na kukuachia kovu litakaloziba njia. Na hajakuuliza kwa nini choo chako ni kigumu.

Madhara ya ndani ni machache kutokea ila ni mazito. Donge lililokaa muda mrefu hukandamiza ukuta wa utumbo mpaka damu isipite. Pale panakuwa kidonda, na kidonda kinaweza kutoboka, kinyesi kikamwagika ndani ya tumbo. Huko ni kufa kama hakuna upasuaji. Mwenye moyo dhaifu anaweza kuzimia chooni kwa kujikamua, kwa sababu kubana pumzi na kusukuma kunapunguza damu inayorudi moyoni. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu yuko katika hatari ya pekee: utumbo uliojaa unaweza kumpandisha shinikizo la damu ghafla mpaka apate kiharusi, na dalili ikawa kichwa kumgonga na uso kumtoka jasho.

Halafu kuna kujisokota kwa utumbo. Madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki wanaujua sana ugonjwa huu, hasa kwa wanaume. Sehemu ya utumbo mpana iliyo chini kushoto, ikiwa ndefu na imelegea, ikajaa choo na gesi, inaweza kujizungusha kwenye shina lake kama mfuko unavyosokotwa mdomo. Tumbo linavimba upesi. Hakitoki choo, na hautoki hata upepo. Baadaye anatapika. Ukiona hayo matatu, usitafute dawa ya kulainisha. Tafuta gari. Damu imekatika kwenye kipande kile cha utumbo na kila saa inahesabika.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu silika yetu tumbo likifunga ni kulifungua kwa nguvu. Pwani tumerithi haluli, sanamaki, shubiri, mafuta ya mbarika. Sizidharau. Sanamaki ya kikapuni ni ndugu wa vidonge vya sena vinavyouzwa famasi. Mmea ni ule ule, isipokuwa kidonge kina kipimo na kikombe cha bibi hakina. Kwa mtu aliyefunga choo siku tatu kwa sababu ya safari, glasi ya maji ya ukwaju au papai bivu asubuhi vinaweza kutosha. Lakini dawa kali ya kuharisha ikimkuta mtu ambaye utumbo wake umezibwa au umejisokota, inasukuma ukuta wa nyumba isiyo na mlango. Chumvi ya haluli kwa mwenye figo mbovu inaweza kumlimbikizia magnesi mwilini mpaka moyo ulegee. Na mchanganyiko wa mizizi au sabuni unaoingizwa kwa nyuma kwa mtoto mchanga umeshawapeleka watoto wengi wodini, wengine wasirudi.

Kabla ya dawa kuna chakula, na hapo Uganda ilichangia sana kuielimisha dunia kuhusu choo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland, alifika huko mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akafanya kazi Mulago, Kampala, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Jina lake linajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini kitu kingine kilimkaa rohoni: magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza hakuyaona kwa wanakijiji aliowatibu. Mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyowashangaza wengi. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, choo kilikuwa karibu gramu 100 tu, na safari ilichukua zaidi ya siku tatu. Tofauti, alisema, iko kwenye nyuzinyuzi: maganda ya nafaka, maharage, viazi, mboga za majani, vile vitu ambavyo kinu cha kisasa huvitupa.

Si yote aliyoyatabiri Burkitt yaliyothibitika. Utafiti wa baadaye umemkosoa hapa na pale, na huko kujisokota kwa utumbo kunatuonyesha kuwa mlo wa kijijini nao hauondoi kila shari. Lakini kuhusu uzito wa choo na mwendo wake alikuwa sahihi, na mimi nikipita mitaani jioni namkumbuka. Wajukuu wa wanakijiji wale sasa wanakula kama wanamaji wale. Ugali wa sembe nyeupe, chipsi yai, chapati za ngano iliyokobolewa, soda, biskuti za chai. Dona tumelipa jina la chakula cha wafungwa na wanafunzi wa bweni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Bakuli la maharage, sahani ya dona, fungu la mchicha au kisamvu na embe moja vinakufikisha huko bila kununua kopo lolote. Ila uongeze kidogo kidogo, na maji yaandamane nayo, la sivyo utapata gesi na kunilaumu.

Na mlo si jibu la kila mtu. Hapa ndipo kufunga choo kusikochunguzwa kunapokuwa hatari kwa namna nyingine, kwa kuwa kunaweza kuwa mjumbe wa ugonjwa mwingine kabisa. Tezi ya shingoni ikizembea, kila kitu mwilini kinapungua mwendo, utumbo ukiwamo, na mtu anaona baridi wakati wenzake wanajipepea. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva za utumbo. Ugonjwa wa Parkinson unaweza kuanza na kufunga choo miaka kabla mkono haujatetemeka. Mjamzito anafungwa na homoni zake mwenyewe, kisha na vidonge vya kuongeza damu, na wengine huviacha kimya kimya bila kumwambia mkunga, wakati ambapo wangesaidiwa kwa kubadilishiwa au kupewa cha kulainisha. Dawa kali za maumivu zinalaza utumbo. Uganda, ambako morfini ya maji imetumika kwa wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1990, kanuni wanayofundishwa wauguzi ni kwamba unapoandika morfini, unaandika na dawa ya choo papo hapo. Kodini ni ya ukoo huo huo. Kama mtu angetuambia hivyo tulipoondoka na dawa za nyonga, bibi asingefika alikofika. Hatukuuliza, na hatukuambiwa.

Kisha saratani ya utumbo mpana. Wengi waliofunga choo hawana saratani, na sitaki mtu alale macho leo kwa ajili ya sura hii. Lakini ukiwa umevuka miaka 45 na tabia ya choo chako ikabadilika bila sababu kwa wiki kadhaa, au kwa umri wowote ukaona damu iliyochanganyika na choo, ukapungua uzito, ukaambiwa huna damu ya kutosha na hakuna anayejua inakokwenda, au mzazi ama ndugu yako alipata saratani hiyo, basi usikubali kuambiwa "ni bawasiri tu" na mtu ambaye hajakupima. Kipimo cha kidole ni cha dakika moja na hakihitaji mashine. Kule ndani zaidi kuna kipimo cha kamera. Watu wanafika wakiwa wamechelewa kwa sababu mwaka mzima walitibiwa kinyama.

Bibi alirudi nyumbani na chupa ya sharubati ya laktulosi na maagizo ya muuguzi yule, aliyoyatoa kwa mama kama anayemfundisha kupika. Akimaliza chai ya asubuhi, mkalisheni, hata kama hajaomba. Msimharakishe. Miguu isining'inie: kama choo ni cha kukaa, mwekeeni kigoda chini ya nyayo ili magoti yapande, mwili upate lile umbo la kuchuchumaa ambalo alilizoea maisha yake yote. Maji yawe karibu na mkono wake, na mumwambie kwamba kumpeleka msalani si usumbufu. Kodini ilikatwa, akapewa dawa nyingine ya maumivu.

Mama alichukua kalenda ya ukutani, ile ya msikitini yenye saa za swala, akaifungia kalamu ya risasi kwa uzi. Kila bibi alipopata choo, aliweka nukta kwenye tarehe. Mwanzoni bibi aliona aibu, akataka kalenda igeuzwe uso ukutani wageni wakija. Mwezi uliofuata nilipokwenda kumwona nilimkuta ameegemea mto, ameivuta kalenda karibu na macho, anahesabu. Jumatatu nukta. Jumanne hakuna. Jumatano nukta. Alhamisi, Ijumaa hakuna. Ilikuwa Jumamosi saa mbili asubuhi.

"Mwite mama yako," aliniambia. "Mwambie leo ni ya tatu. Aniletee papai."